KARANI NA CHUO KIKUU KINAPOGEUZWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutana Mwamgongo, nayo yapigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasioweza kufika.



Kwanza nawashukuru kwa kuniita, tena nawashukuru wale waliopanda boti Kibirizi wakavumilia mawimbi ili wawe pamoja nasi leo. Nimetakiwa niseme juu ya utawala wa Chuo Kikuu kikubwa cha serikali wakati kinapopita katika mageuzi. Najua wako humu wanaojiuliza moyoni: Sisi watu wa ufuko wa Tanganyika, ambao tukitaka kufika Kigoma sharti tungoje chombo, tuna jambo gani na Chuo kilicho Mlimani, Dar es Salaam, mwisho kabisa wa reli na kupita? Swali hilo ni la haki, nami nataraji kulijibu kabla sijaketi. Kwa sasa nasema hili tu, kwamba daftari la Chuo lina kurasa zake za kwanza katika meza zetu sisi, na ukurasa wa kwanza ukiharibika, zile za mbele hazisomeki.

MWANZO WA CHUO

Mwaka 1922 mambo mawili yalitokea katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na yote mawili yatuhusu. Huko Kampala ilifunguliwa shule ya ufundi ya Makerere, ikaanza na wanafunzi kumi na wanne waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Na huko Tanga makarani na walimu Waafrika wa serikali, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, waliunda chama chao cha watumishi. Basi elimu ya juu na umoja wa makarani katika nchi hizi ni watu wa rika moja.

Tanganyika ilingoja miaka mingi kabla ya kupata Chuo chake. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakuzidi kumi na wanne. Mkuu wa kwanza alikuwa Bwana Cranford Pratt, mtu wa Kanada. Mwaka 1964 Chuo kikahamia juu ya kilima nje ya mji, mahali ambapo watu wote sasa hupaita Mlimani, na mwaka 1965 Daktari Wilbert Chagula akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza.

Sitawahesabia majengo wala wasomi mashuhuri waliopita pale. Hayo yameandikwa na wengi. Nataka tukitazame Chuo kwa macho ya karani wa masijala, yule akaaye nyuma ya kaunta na majalada yake, maana yeye huyaona mageuzi kwa upande ambao wakubwa hawauoni.

MAJINA MATATU KATIKA MIAKA TISA

Tangu 1961 mpaka 1963 Chuo kilikuwa mtoto wa London. Mnamo Juni 1963 kikawa mmoja wa ndugu watatu, pamoja na Makerere na Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Halafu tarehe 1 Julai 1970 ndugu hao wakaachana, na Chuo cha Dar es Salaam kikasimama peke yake kwa sheria yake, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makamu wake wa kwanza alikuwa Bwana Pius Msekwa, ambaye zamani alikuwa Katibu wa Bunge. Nataka makarani wasikie jambo hilo. Palipotakiwa mtu wa kukitoa Chuo katika hali moja na kukiingiza katika hali nyingine, alichaguliwa mtu aliyejua kuandika kumbukumbu za kikao na kuzitunza.

Sasa fikirini, Mabwana, kazi ya msajili katika miaka hiyo tisa. Kila jina jipya lina muhuri wake, lina karatasi zake za barua, lina kanuni zake za mitihani. Mwanafunzi aliyeingia chini ya jina moja huweza kutoka chini ya jina jingine, naye huja dirishani kuuliza: Cheti changu kitakuwa cha nani? Mpishi na dereva nao huja, wala hawaulizi habari za elimu. Wao huuliza: Mwajiri wangu sasa ni nani, na miaka niliyotumika zamani itahesabiwa katika malipo yangu ya uzeeni, au imezama?

Tena mlikuwa na jambo la vitivo. Wakati wa umoja wa vyuo vitatu kazi ziligawanywa, sheria Dar es Salaam, uganga Makerere, uhandisi Nairobi, na kijana wa Kigoma aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Kenya. Umoja ulipovunjika kila nchi ilitaka kila kitivo. Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuanza uganga Muhimbili 1968 na kilimo Morogoro 1969, na uhandisi ukaanza 1973. Kila kitivo kipya maana yake ni orodha mpya ya watu, hesabu mpya ya fedha, na stoo mpya yenye ufunguo ambao sharti ukae kwa mtu mmoja anayejulikana.

Sheria ya 1970 ilitungwa Bungeni na kutiwa sahihi. Lakini sheria haimwambii karani aweke wapi jalada la mwanafunzi aliyeahirisha masomo 1969 akarudi 1971. Hilo hulipata kwa bidii yake mwenyewe. Mageuzi huamriwa na wakubwa, ndiyo, lakini hutimia siku ile ambayo mtu mnyonge kabisa aweza kuja dirishani na karatasi yake ya zamani, akajibiwa sawasawa.

MZIGO BILA SHAURI

Neno la pili ninalotaka kusema ni hili. Katika habari za Chuo hiki taabu kubwa zilikuja aghalabu pale ambapo mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu kabla ya kuulizwa shingo yake ina nguvu gani.

Mwaka 1966 serikali iliamuru kwamba wahitimu wa vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana mpaka kwa Rais wakiwa na maandiko ya ukali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu mia nne warudi makwao. Tena saa ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wale vijana walirudishwa baadaye. Mimi sikuja kuhukumu nani alikuwa na haki. Serikali ilikuwa na neno la kweli, kwamba msomi amelishwa na mkulima, naye hana budi kulipa. Lakini angalieni mfuatano wa mambo. Amri ilitangulia, ghadhabu ikafuata, na mkutano mkubwa wa kushauriana juu ya kazi ya Chuo katika nchi ya ujamaa ukafanyika Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha. Shauri lilikuja mwisho, na mahali pake ni mbele.

Mwaka 1971 ikawa hivyo tena kwa namna nyingine. Kiongozi wa wanafunzi, Bwana Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa Makamu wa Mkuu wa Chuo akilalamika kwamba mambo huamuliwa bila wanafunzi. Akafukuzwa, na Chuo kikatikisika, wanafunzi wakagoma na walimu wengi wakawaunga mkono. Mwisho wake nini? Wanafunzi na wafanyakazi wakapewa nafasi kubwa zaidi katika vikao. Jambo lililoombwa kwa barua likatolewa baada ya misukosuko, na lingaliweza kutolewa kwa barua.

Nawaomba msifikiri kwamba naunga mkono ukaidi. Mtumishi wa serikali hutii. Lakini kutii ni jambo moja, na kumwambia mkubwa wako kwa adabu na kwa maandishi kwamba amri hii itakwama mahali fulani ni jambo jingine, nalo pia ni utumishi. Karani aonaye shimo njiani akanyamaza kwa sababu hakuulizwa, amemwacha bwana wake aanguke.

AZIMIO LA MUSOMA NA BARUA ZA MIKOANI

Sasa nakaribia kwetu. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba mtu asitoke sekondari akaenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Sharti kwanza afanye kazi si chini ya miaka miwili, kisha alete ushuhuda mwema wa mahali pake pa kazi na wa chama.

Tazameni maana yake kwa utawala. Kabla ya siku ile, msajili wa Mlimani aliamua kwa karatasi moja, yaani matokeo ya mtihani. Baada ya siku ile alitegemea barua zilizoandikwa Kigoma, Songea, Bukoba na Mtwara, zikaandikwa na watu kama sisi. Heri ya kijana ikawa mkononi mwa mkubwa wa kazi na katibu wa tawi. Palipokuwa na mtu mwadilifu, barua ilieleza kweli. Palipokuwa na chuki au uvivu, hapana mtu Mlimani awezaye kujua kwamba jalada fulani limelala chini ya mengine tangu masika.

Azimio lile lilikuwa na shabaha njema, nalo lilileta Chuoni watu wazima waliokwisha kuona dunia. Lakini haikuchukua miaka mingi ikaonekana kwamba wasichana wamepungua, maana miaka ile miwili ya kungoja ndiyo miaka ya kuposwa na kuzaa. Basi wanawake wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likalegezwa kwa wengine pia. Ni nani aliyewajulisha wakubwa kwamba wasichana wamepungua? Ni orodha za kuandikishwa. Mtu alihesabu majina, akaona, akaandika. Hesabu ya karani iliigeuza amri ya kikao kikubwa, na hapana aliyepiga kelele barabarani.

KUGAWANYA NYUMBA MOJA

Tarehe 1 Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Morogoro kiliondoka katika Chuo cha Dar es Salaam kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa kumbukumbu ya Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka ule. Mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi nazo zikawa vyuo vikuu vyenye hati zao wenyewe. Mwaka 2005 Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimepata vyuo vishiriki viwili vya ualimu, Chang'ombe na Mkwawa huko Iringa. Huku hutoka, huku huingia.

Wenzangu wa Kigoma, ninyi mwajua jambo hili vyema kuliko mimi niwezavyo kulieleza. Mwaka 2012 wilaya yetu ya Kigoma iligawanywa, Uvinza ikapewa wilaya yake. Buhigwe ikatoka Kasulu, na Kakonko ikatoka Kibondo. Mpaka katika ramani huchorwa kwa siku moja. Lakini mwalimu aliyeajiriwa Kigoma akafundisha upande wa Uvinza, jalada lake liende wapi? Deni la kijiji lilipwe na nani? Kesi ya ardhi iliyoanza hapa imalizikie wapi? Waliokuwa katika masijala siku zile wajua kwamba yaliyogawanywa kwa orodha, kila upande ukatia sahihi na kubaki na nakala, hayakuleta ugomvi. Na yaliyobebwa tu katika gari bila orodha, mpaka watu walipostaafu walikuwa wakiyatafuta.

MAGEUZI YA MIAKA YA 1990

Sasa niseme juu ya mageuzi makubwa kupita yote, nayo ndiyo yenye mafunzo mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo kilikuwa katika dhiki. Fedha za serikali zilipungua, majengo yalichakaa, vitabu vilikuwa haba, walimu walikwenda nchi nyingine kutafuta riziki. Mei 1990 Chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, kikafunguliwa tena mwanzoni mwa 1991. Mwaka ule Profesa Matthew Luhanga, mtaalamu wa uhandisi wa umeme, alifanywa Makamu wa Mkuu wa Chuo, akakaa katika kiti hicho mpaka 2006. Yeye na wenzake ndio walioandaa mageuzi yaliyopewa jina la UDSM 2000, na mwaka 1994 ukatoka mpango wa miaka mingi mbele. Mwenyewe ameyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka 2009.

Mpango huo ulitofautiana na ya zamani kwa jambo moja kubwa. Haukutoka Ikulu wala katika mkutano wa chama. Wenye nyumba waliketi, wakaandika udhaifu wao wenyewe, wakauonyesha kwa serikali na kwa wafadhili. Tena waliweka desturi ya mkutano wa mashauriano kila mwaka, ambapo walimu, wafanyakazi, wanafunzi, serikali na wafadhili waliambiwa nini kimefanyika na nini hakikufanyika. Basi lile shauri ambalo 1966 lilikuja mwisho, safari hii liliwekwa mbele, likarudiwa mwaka hata mwaka. Nami naona hii ndiyo sababu mojawapo iliyokifanya Chuo, ambacho mwanzoni mwa miaka ile wanafunzi wake hawakufika elfu nne, kiweze kupanuka mara kadhaa bila kuvunjika.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Chuo kilikuwa na wafanyakazi wengi wasiofundisha: wapishi, wafagiaji, walinzi, watunza bustani. Wakubwa waliona kwamba Chuo kimekuwa hoteli na kambi kwa pamoja, na kazi yake ya kweli ni kufundisha na kuchungua elimu. Kwa hiyo kazi nyingi za namna ile zikatolewa kwa makampuni ya watu binafsi. Kwa hesabu za fedha hapana shaka uamuzi ule ulikuwa na maana. Lakini mtu aliyepika ugali wa wanafunzi miaka ishirini akaambiwa kazi yake si kiini cha Chuo, hupokea neno hilo kwa moyo wa namna gani? Lililomfaa ni haki yake kulipwa siku ile ile aliyoahidiwa, kwa hesabu isiyo na kosa. Na hesabu hiyo hutoka katika jalada lake la utumishi. Jalada lililotunzwa vema ndiyo rehema pekee ambayo karani anaweza kumpa mwenziwe anayeondoshwa kazini.

MKOPO, NA KIJANA WA MWAMGONGO

Mageuzi mengine yaliingia kuanzia 1992, nayo ndiyo yanayotugusa kila mwaka. Serikali iliacha kubeba gharama zote za mwanafunzi, ikaanza kuchangiana na wazazi, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Miaka ya kwanza ilikuwa na fujo nyingi. Novemba 2008 Chuo cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya serikali vilifungwa kwa sababu ya migomo juu ya mikopo, na waliotaka kurudi wakatakiwa wajaze karatasi upya.

Na njia ya kuomba nafasi nayo imegeuka tena na tena. Tangu 2010 maombi yote yalipita katika mlango mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 yakarudishwa kwa vyuo vyenyewe. Mtu wa Dar es Salaam hupata habari za mageuzi hayo siku ile ile. Hapa kwetu, kijana aliyeelekezwa na kaka yake kwa utaratibu wa mwaka juzi, hugonga mlango uliokwisha kufungwa.

Sasa tuchukue mfano wa binti wa ufuko huu. Baba yake huvua dagaa kwa taa usiku wa giza, mama huanika mchangani na kuuza. Binti amefaulu kidato cha sita. Ili apate mkopo yampasa awe na cheti cha kuzaliwa, awe na mdhamini, na fomu yake ithibitishwe na serikali ya kijiji na mbele ya hakimu au wakili. Hapo ndipo linapoonekana jambo dogo. Katika shule ya msingi aliandikwa jina la babu yake. Katika cheti cha kuzaliwa, kilichotafutwa baadaye, likaandikwa jina la baba. Na herufi moja imebadilika katika jina lake mwenyewe, maana karani mmoja aliandika kama alivyosikia. Mashine ya Bodi haimjui binti wala baba yake. Huona majina mawili, ikamtenga. Ili kusahihisha, hana budi kwenda Kigoma mjini kwa boti, alipe wakili, apate hati ya kiapo, arudi. Na upepo ukiwa mbaya zapotea siku mbili au tatu. Siku ya mwisho ya maombi haijui habari za upepo.

Mabwana, binti huyu hakushindwa mtihani, wala Chuo hakikumkataa, wala serikali haikukosa fedha ya kumkopesha. Amezuiwa na herufi moja, iliyoandikwa na mtu kama mimi na wewe miaka kumi na tatu iliyopita.

Yuko atakayesema: Zama za ukarani zimekwisha, sasa mambo yote ni kwa intaneti. Nami namjibu kwa heshima kwamba intaneti hupeleka karatasi upesi, lakini haisahihishi kilichoandikwa ndani. Zamani kosa lilichukua mwezi kufika Dar es Salaam; sasa lafika kwa dakika moja, nalo ni kosa lile lile. Kwa hiyo kazi ya mkono wa kwanza imezidi ukubwa wake.

YATUPASAYO KUFANYA

Nimesema vya kutosha juu ya wengine. Sasa juu yetu. Naleta mashauri manne mbele ya mkutano huu.

La kwanza, jina la mtoto liandikwe namna moja tangu kliniki mpaka shule. Mwalimu anayemwandikisha mtoto darasa la kwanza aombe kuona karatasi ya kuzaliwa, na kama haipo, amwite mzazi waandike pamoja, herufi kwa herufi, kisha mzazi asomewe. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na faida yake hudumu maisha yote ya mtoto.

La pili, kila kata ya ufuko huu iwe na siku iliyotangazwa, miezi mitatu kabla ya maombi ya mikopo kufunguliwa, ambapo vijana wa kidato cha sita wataleta karatasi zao zote zilinganishwe. Makosa yaliyoonekana mapema yaweza kusafiri pamoja katika boti moja, na wakili mmoja akamaliza viapo vya vijana kumi kwa siku moja. Tusingoje kila mmoja ahangaike peke yake.

La tatu, utaratibu wowote mpya ukija, usikae katika simu ya mtu mmoja. Uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe penye mwalo, sokoni, msikitini na kanisani, siku ile ile ulipofika, nao uwe na tarehe.

La nne, na hili ndilo kubwa, Chama kiandike barua kwa Bodi na kwa wakuu wa vyuo, tukieleza kwa adabu kwamba kila mageuzi ya utaratibu yahesabu siku za mtu anayesafiri kwa maji. Tuwape habari zenye kipimo: siku ngapi kutoka hapa mpaka kwa wakili na kurudi, nauli kiasi gani, vijana wangapi walitengwa mwaka huu na kwa kosa gani. Nimewaambia kwamba hesabu ya majina ya wasichana ililegeza amri ya Musoma. Nasi tuna majina. Tuyahesabu, tuyapeleke. Malalamiko matupu hujibiwa kwa pole, bali orodha hujibiwa kwa orodha.

Tena wakati wenyewe ni mwema. Tangu 2021 serikali imeanza mradi mkubwa wa kupeleka vyuo vikuu mikoani, na katika mradi huo Muhimbili imepewa kujenga tawi hapa Kigoma. Kwa hiyo Chuo Kikuu kinatufuata mpaka ziwani. Kikifika kitaajiri makarani, watunza stoo, wasaidizi wa maktaba na wa maabara. Kitakuwa chombo kichanga, kitakachogeuzwa jina na kanuni mara nyingi kabla hakijazeeka, kama kaka zake walivyogeuzwa. Yafaa kikute katika nchi yetu watu wanaojua kutunza jalada, wanaothubutu kumwambia mkubwa ukweli kwa maandishi, na wanaohesabu kabla ya kulalamika.

Bwana Mwenyekiti, naomba mashauri haya manne yatiwe katika kumbukumbu za leo, na yule atakayeandika barua achaguliwe kabla hatujatawanyika, ili boti ya kesho isiondoke bila jina lake kujulikana.